Tangazo kwa Msomaji Mmoja

Kwenye sherehe ya kumuaga Mama Mshana, bosi wangu wa kwanza, aliyekuwa anastaafu, pale ukumbini Same, aliyeniuliza habari za Mwalimu Elisante alikuwa Hashimu, tena aliuliza akiwa na mfupa wa mbuzi mkononi, kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. Alitaka kujua kama nimeshapanda kumwona mzee wangu. Nikamwambia bado. Akautafuna mfupa kwanza, ndipo akasema kwamba kila mtu anayefika Chome anaulizwa na mzee kama ameniona, na kwamba mtu akikuulizia miaka yote hiyo, basi ana neno na wewe. Hashimu ni mtoto wa Makanya, amekulia kwenye joto na vumbi la jasi, na tangu tukiwa vijana hana subira na sisi watu wa milimani, ambao anadai tukitaka kuomba maji ya kunywa tunaanza kwa kuuliza habari za mvua. Nilicheka kwa sababu mezani walikuwepo watu. Ndani yangu niliona aibu ileile ya mwaka ule, mbichi vilevile, na nikashangaa kwamba mtu anaweza kuota mvi na aibu yake isiote hata unywele mmoja mweupe.

Sina siri ya kutoboa hapa. Nilichokifanya Same nzima ilikijua kabla jua halijakaa sawa, na Wapare wa Dar es Salaam na Arusha walikijua pamoja nao. Wapo hata walionipongeza, na hao ndio wanaonisumbua zaidi. Aibu ya jambo lililofichika ina dawa yake, unakwenda unalitaja, unaomba radhi, yanakwisha. Yangu ilitajwa na kila mtu isipokuwa wawili, yeye na mimi. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata sherehe, badala ya kupanda basi la kurudi Arusha, nilishuka Makanya, nikapata gari la kupanda Chome, kompyuta yangu ikiwa kwenye mkoba mapajani, na njia nzima nikawa naukumbuka mwaka mmoja tu.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuoni. Ya kwetu na ya ukoo wangu nayaacha, hayana kazi hapa. Niliajiriwa kwenye kituo cha jumuiya moja ya watu wa milimani, kilichokuwa na nyumba ya vyumba vitatu upande wa reli. Chumba cha kompyuta zamani kilikuwa ghala la tangawizi, na harufu ile haikutoka hata baada ya kupakwa chokaa mara mbili. Siku za joto, yaani karibu siku zote za Same, ilipanda kutoka sakafuni na kuingia kwenye nguo, mpaka dukani wakawa wananitambua kwa pua. Mashine ya kuhifadhia tovuti ilikuwa moja. Ilikaa chini ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi, na feni yake ilivuma kutwa. Meza ya dirishani ilikuwa ya Mwalimu Elisante. Kutoka pale aliiona milima, na kabla hajaketi alikuwa akiitazama kwanza, kisha anatangaza kama juu kuna ukungu au hakuna. Hakuna aliyemwuliza, lakini siku asipokuja tulijikuta hatujui tuseme nini.

Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu. Badala ya kufuga kuku kama wenzake, alijifunza kujenga tovuti, akitumia makaratasi aliyochapishiwa na mjomba wa mtu, na akajenga peke yake kile ambacho watu wote walikiita Ubao. Kwenye Ubao palitangazwa misiba na arusi, ng'ombe waliopotea, na msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kijiji kizima kinatoka na majembe kuzibua mfereji au kutengeneza barabara iliyokatwa na mvua. Mpare aliyekuwa Mwanza au ng'ambo alifungua Ubao asubuhi kujua nani kaondoka na nani kaoa. Mwalimu aliandika kwa vidole viwili, polepole, na kila tangazo alilianza kwa salamu ileile, "Wapendwa, poleni na kazi." Hata tangazo la mbuzi aliyepotea lilianza hivyo. Pembeni yake kulikuwa na kikombe cha bati chenye mfuniko, chai ya tangawizi ndani yake, na mtu akimkaribisha soda alikuwa anaitazama ile chupa kwa huruma.

Sasa, tovuti haijengwi hewani. Kuna viunzi vya kujengea, vijana wanaviita fremuweki, na kiunzi hutolewa upya kila baada ya muda, toleo jipya juu ya toleo la zamani. Ubao ulikuwa umejengwa kwenye toleo la zamani sana, ambalo wenye nalo walishaacha kulitunza. Wakati huo ndipo simu za kupangusa zilipoanza kuzagaa, na kwenye simu Ubao ulionekana kama barua iliyoandikwa kwenye punje ya mchele. Watu walilalamika. Mama Mshana, mkurugenzi wetu, akanipa kazi ya kuuhamishia kwenye toleo jipya, na mimi kwa ujuaji wa chuoni nikalipakia lile jipya juu ya la zamani, mchana kweupe, kama mtu anayetandika shuka juu ya mtu aliyelala. Ubao ukaanguka. Siku hiyo kulikuwa na msiba Vudee na ndugu walikuwa wanasubiri kujua mazishi ni lini. Mwalimu hakunigombeza. Aliketi mbele ya skrini nyeupe, mikono juu ya magoti, akasubiri kama anayesubiri nje ya wodi, mpaka nikafanikiwa kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Kisha akasema tu, "Binti, chombo cha mtu unakiomba kwanza."

Dawa ya tatizo lile ilikuwepo na haikuwa ngumu. Mashine moja inaweza kubeba matoleo mengi ya kiunzi kilekile, mradi kila toleo lipewe chumba chake, na vifaa vyake humohumo, na mlango wake wa kutokea. La huku halijui la kule. Nikavijenga vyumba viwili. Cha zamani kikabaki na Ubao wa Mwalimu kama alivyouacha, kile kipya nikakiwekea Ubao mwingine, wenye herufi kubwa na rangi za kupendeza. Kilichobaki ni kumwambia mwenyewe. Mama Mshana akafunga mlango, akaniambia mzee asiguswe. Alisema, "Yeye tumwachie yake, watu tuwape jipya. Atajuaje?" Alisema kwa upendo, na nilimwelewa, maana kwetu mkubwa haambiwi kwamba kazi yake imepitwa, anatafutiwa njia. Basi kompyuta ya dirishani ikaachwa inafungua mlango wa zamani, na dunia nzima ikaelekezwa mlango mpya. Mwalimu akawa anaandika mahali ambapo hakuna mtu anayepita. Mimi kila asubuhi nikawa nayachukua maneno yake kule na kuyapeleka huku kwa mkono, na yeye akidhani kwamba kazi yangu ya asubuhi ni kuyapitia tu matangazo yake kama kuna kasoro.

Miezi ya kwanza, niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Nilipoyanakili maneno yake nilijifunza namna anavyofikiri. Nilijua kwamba akiwa amemfahamu marehemu, sentensi zilikuwa fupi, na akiwa hamfahamu zilikuwa ndefu. Niligundua kwamba kwenye matangazo ya msaragambo aliwapiga vijembe wavivu bila kuwataja, akiandika mathalani kwamba hata wale ambao migongo huwauma siku ya mfereji tu wanakaribishwa. Mchana tulikula pamoja makande ya dada wa jikoni, ya mahindi yaliyokobolewa vizuri, na Hashimu, aliyekuwa fundi wetu wa mtandao na umeme, alimtania mzee kwamba Mpare akipewa pilau analia kwa kukosa maharage. Mwalimu alijibu kwamba watu wa Makanya hata kivuli wanakiagiza kutoka milimani. Ukuta wa kati ulikuwa wa mbao, kila neno lilipita, na kutoka chumba cha pili tulimsikia Mama Mshana akicheka peke yake.

Kisha nikachoka. Kazi ya kunakili ni ya kuchosha na mimi nilikuwa nimesomea makubwa zaidi. Nikaandika programu ndogo, iliyoamka yenyewe alfajiri, ikaingia chumba cha zamani, ikachukua chochote kilichoandikwa jana yake na kukipeleka Ubao mpya, mimi nikiwa bado kitandani. Hashimu alinipa mkono. Mama Mshana akaanza kuniita mhandisi mbele ya wageni. Na mimi nikaacha kusoma. Nilifika, nikaona kila kitu kimekwenda, nikanywa chai. Mashine ilikuwa inasoma kwa niaba yangu, na mashine haijui kusoma.

Katika majira hayo nilimwona Mwalimu akisogeza uso karibu na skrini. Nilimwona akiweka kikombe ukingoni mwa meza na kukipapasa kabla ya kukishika. Siku moja alitangaza kwamba juu kuna ukungu, na Hashimu akanikonyeza, maana milima ilikuwa wazi imeoshwa na mvua. Nikadhani ni uzee. Baadaye alikwenda msibani kwao Chome, alikokaa mkewe na ambako yeye alirudi kila mwisho wa mwezi, na huko, kama nilivyokuja kujua, kijana mmoja alimwonyesha Ubao kwenye simu yake ili kumsifia. Akaishika ile simu karibu na pua. Maneno yalikuwa yake, salamu ilikuwa yake, lakini nyumba haikuwa yake. Mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote hakuhitaji kufafanuliwa. Alirudi ofisini, akatundika koti, akaketi, na katikati ya asubuhi akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Binti Nakundwa, asubuhi ukifika, unanisoma kwanza au unakunywa chai kwanza?"

Nikamjibu, "Nakusoma kwanza, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. Yaliyofuata yote yalitoka kwenye jibu lile.

Asubuhi iliyofuata, ile ninayoiogopa mpaka leo, nilifika na maandazi ya moto kwenye gazeti. Mama Mshana alikuwa amesimama mlangoni na simu yake. Hakunisalimia. Alinipa simu nikaona Ubao mpya, herufi kubwa, rangi za kupendeza, na juu kabisa tangazo ambalo halikuanza na "Wapendwa". Lilianza na jina langu. Nimelisoma mara nyingi mno tangu siku ile na naliweka hapa lilivyo:

"Kwako Nakundwa. Najua siku hizi ni wewe peke yako unayesoma hapa. Sikukasirika, najua mlinitafutia njia. Na mimi naitumia njia hiyohiyo, kwa sababu jambo hili siwezi kulisema uso kwa uso, wewe ukiwa mtoto kwangu. Macho yangu yanazima. La kushoto limekwisha, la kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari amesema hayarudi. Naomba uyasome vizuri ninayoandika kabla hujayapeleka kwa watu, usije ukawapelekea makosa yangu. Mama Neema bado hajui. Nataka nimwambie mwenyewe Krismasi, watoto wakiwa wamefika, asibaki na habari hiyo peke yake. Mpaka hapo usimwambie mtu. Ukishasoma, futa."

Programu yangu ilikuwa imelichukua alfajiri pamoja na mengine. Nililifuta pale Ubao mpya, lakini lilikuwa limeshapita kwenye makundi ya simu, kutoka kundi la ukoo hadi kundi la kwaya, na kila lilipopita watu waliongeza pole na alama za kulia. Mwalimu alipoingia, simu yake ilikuwa inaita mfukoni. Akaipokea akiwa bado amesimama. Ilikuwa pole. Akaikata ikaita tena, pole nyingine, ya mtu aliyefundishwa naye zamani na ambaye sasa alikuwa akilia kwa sauti mpaka sisi tukamsikia. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwuliza habari za watoto. Alipoweka simu mezani alisema, bila kumlenga mtu, "Ukubwa jalala." Kisha ikaita mara ya tatu, akaitazama kwa lile jicho la tundu la ufunguo, akalitambua jina, akatoka nje. Alikuwa Mama Neema, mkewe. Alikuwa anachambua maharage uani, Chome, binamu yake akampigia kutoka Dar kumpa pole ya macho ya mume wake.

Nilitaka kumfuata nje. Nilifika mlangoni nikarudi. Ningemwambia nini, kwamba sikukusudia? Hilo alilijua. Lililobaki ni lile asilolijua, kwamba sikuwa msomaji wake, kwamba aliufungua moyo wake mbele ya mtu mmoja na mtu huyo hakuwepo. Alipoingia hakuniangalia. Aliketi, akaweka vidole viwili kwenye kibodi, akaviacha pale bila kubonyeza, kisha akavirudisha magotini. Sikumwona akiandika tena.

Siku zilizofuata watu walikuwa wema kupita kiasi. Mchungaji alimtaja kanisani kwenye maombi, watu wakageuka kumtafuta alipoketi. Akaja hadi ofisini kumfariji, akamwambia mficha uchi hazai, na kwamba afadhali limejulikana, sasa jumuiya nzima itambeba. Mwalimu akasema amina. Mjumbe mmoja wa bodi alinishika bega, akaniambia tangazo lile limesomwa kuliko tangazo lolote lililowahi kuwekwa Ubaoni, na kwamba hiyo ndiyo nguvu ya teknolojia. Nikamwambia asante. Neno lile nililolitoa, asante, nalisikia mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni, na huwa nalazimika kufungua bomba nisilisikie. Kupitia ukuta wa mbao niliwasikia Mama Mshana na mchungaji wakikubaliana kwamba mzee apumzike. Mama Mshana alisema kwamba hata yeye anaumia, lakini watu wameshajua, na watu wakishajua huwezi kumwacha akae pale kama vile hawajajua. Mwalimu alikuwa meza ya dirishani. Kila neno lilipita.

Wakamfanyia sherehe ya kumuaga. Kulikuwa na kuku, na makande kwa heshima yake, na zawadi ya kiti kikubwa cha mikono miwili cha kupumzikia. Kwaya iliimba. Hashimu, ambaye hana haya, alitoa hotuba ya kumtania kuhusu ukungu, watu wakacheka, Mwalimu akacheka zaidi ya wote. Haya nilisimuliwa. Mimi nilikuwa jikoni naosha sahani ambazo hazijatumika. Kabla gari halijaondoka alinitafuta, nilisikia akiuliza binti yuko wapi, na dada wa jikoni akafungua mdomo kujibu, nikamtikisia kichwa. Gari likaondoka na kiti kimefungwa juu. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimepata kazi Arusha.

Tangu hapo nimejenga tovuti nyingi, na kompyuta yangu ina matoleo kadhaa ya kiunzi kile, kila moja na chumba chake, kama ilivyo kwa kila fundi wa kazi hii. Lakini kuna chumba kimoja ambacho hakina mteja. Nilipoondoka Same nilikinakili, na kila nikibadilisha kompyuta nahama nacho, kazi isiyo ndogo, maana toleo lile limezeeka kiasi kwamba mashine mpya zinalikataa na inabidi kulibembeleza. Wenzangu vijana wameshaniuliza ni cha nini. Nawaambia ni kumbukumbu ya kazi ya zamani. Mpaka siku ile napanda Chome tangazo lile lilikuwamo humo, la mwisho, juu ya mengine yote. Alisema nikishasoma nifute, na nilikuwa sijafuta, kwa sababu sikuwahi kuwa na hakika kwamba nilichofanya siku ile mlangoni, kwenye simu ya mtu mwingine, kilikuwa kusoma.

Nyumba yake Chome iko chini ya barabara. Juu kulikuwa na ukungu, wa kweli. Nilimkuta Mama Neema mlangoni, amekuwa mdogo, akanipokea mkoba kabla sijamaliza shikamoo. Sebuleni kulikuwa na joto la jiko la mkaa na harufu ya tangawizi, na Mwalimu kwenye kiti kile cha zawadi, kitambaa chake kimechanika mikononi. Macho yalikuwa wazi yakitazama ukutani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni Nakundwa huyo."

Tuliletewa makande, tukala, akaniuliza habari za kazi na mvua za Arusha, na kama Hashimu bado anasema uongo. Mwalimu alipotoka kidogo kwenda uani, mkono ukifuata ukuta, Mama Neema aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alijua kuhusu macho kabla ya simu ya binamu, muda mrefu kabla, kwani mtu uliyeishi naye akianza kumimina chai pembeni ya kikombe unajua. Alikuwa anamsubiri aseme mwenyewe. "Nilikuwa nimeshajiandaa namna ya kushtuka," akasema, akaondoa sahani. Nadhani alinipa maneno yale yanipunguzie mzigo. Yaliuongeza. Alikuwa amemtunzia mumewe nafasi ya kusema, akaingoja kwa subira, na mimi ndiye niliyeiondoa.

Mwalimu aliporudi alikaa, akapapasa mikono ya kiti, akauliza kile alichokuwa akinisubiria.

"Ile yangu bado inawaka?"

Nikamwambia inawaka. Nikamwambia ninayo hapa mkobani. Uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku za makande na utani. Akauliza kama toleo ni lilelile, nikasema lilelile, chumba kilekile. Akaniagiza niiwashe. Nikaiweka kompyuta mezani, nikabembeleza, nikasubiri, na Ubao wake ukatokea, herufi za punje ya mchele, rangi ya kijivu, hakuna aliyeugusa. Nikamwambia umefunguka.

"Nisomee la juu."

Nilijua la juu ni lipi, na yeye alijua. Niliutazama mlango wa jikoni. Mama Neema alikuwa nje, nilisikia maji yakimwagwa. Nikaanza. Nilijikwaa kwenye jina langu, nikarudia. Nilisoma taratibu, kila neno, jicho la kushoto na la kulia, tundu la ufunguo, daktari, Mama Neema, Krismasi. Nilisoma bila kuinua macho kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka kupotea mstari. Yeye alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma darasani, tayari kumsahihisha. Nilipofika kwenye "ukishasoma, futa" nikaishia hapo.

Akasubiri. Kisha akasema, "Watu wengi sana walinijibu, binti. Wewe hukunijibu."

Nilijifuta uso kwa kiganja. Nikaweka kidole pale pa kufutia, nikabonyeza, na juu kabisa kwenye Ubao likabaki tangazo la mbuzi aliyepotea.

"Nimesoma, Mwalimu," nikamwambia. "Sitamwambia mtu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akanyoosha mkono kutafuta kikombe, nikakisogeza mpaka kikagusa vidole vyake.